Robo Tatu ni Kama Ndizi Tatu: Sehemu Zinazowakosesha Usingizi Wazazi wa Darasa la Nne

Jumatano moja usiku, saa tatu kasorobo, kundi letu la WhatsApp la wazazi wa darasa la nne liliwaka moto. Baba mmoja alikuwa amepiga picha ukurasa wa daftari la mwanawe akaurusha kundini. Swali lilikuwa fupi: zungushia sehemu iliyo kubwa, 2/3 au 3/5. Mtoto alikuwa amezungushia 3/5, na kalamu nyekundu imepita juu yake. Baba akauliza, "Jamani, tatu siyo kubwa kuliko mbili? Na tano siyo kubwa kuliko tatu? Huyu mwalimu vipi?"

Kufika saa nne kulikuwa na sauti kumi na moja za kusikiliza. Mmoja alimuunga mkono baba. Mwingine akasema zote ni sawa kwa kuwa zote zimezidi nusu. Wa tatu akatoa jibu sahihi lakini alipoulizwa kwa nini akajibu, "Ndivyo tulivyofundishwa." Mama mmoja akashauri tumwachie Mungu tukalale. Kisha likaja lile nililokuwa nalikwepa: "Mwalimu, mbona umenyamaza?"

Nimefundisha hisabati shule za msingi, kwanza Rungwe, kisha hapa Mbeya mjini. Nikaandika kwamba 2/3 ndiyo kubwa na mwalimu hana kosa. Sababu yenyewe haikutosha kwenye ujumbe wa simu, nikaahidi kuiandika vizuri. Ndiyo hii.

Neno lenyewe linatuponza

Katika Kiswahili cha kila siku, sehemu ni kipande chochote. "Nipe sehemu yangu." Ni hata mahali: "Tukutane sehemu ile ile, Mwanjelwa." Hakuna anayeuliza ukubwa. Hisabati imelichukua neno hilo hilo na kulibana: kuna kizima kimoja, kimegawanywa vipande vilivyo sawasawa, na tunahesabu tumechukua vingapi. Ukikata boflo vipande vinne, kimoja kinene kama tofali na vitatu vyembamba, hapo hakuna robo hata moja. Kuna vipande vinne tu. Mtoto anayelalamika kwamba kaka yake kapewa "robo kubwa" anakuambia kwamba kwake robo bado ni kipande tu.

Kisha majina mawili. Namba ya chini inaitwa asili, nayo inasema kizima kimegawanywa vipande vingapi. Namba ya juu inaitwa kiasi, inasema tumechukua vipande vingapi. Katika 3/4, asili ni 4 na kiasi ni 3. Mstari unaozitenga nimeulaza hapa kwa kuwa simu hazitaki kuandika namba juu ya namba.

Hadi hapo wengi wako nami. Mkanganyiko unaanza pale mtoto anapoona namba mbili na kudhani ni namba mbili. Siyo. 3/4 ni namba moja, yenye mahali pake kati ya 0 na 1, kama 7 ilivyo na mahali pake kati ya 6 na 8. Baba wa kundini alilinganisha juu na juu, chini na chini, akapata ushindi mara mbili, akatangaza mshindi. Alilinganisha namba nne, wakati zilikuwapo mbili tu.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyokipa sifa. Tunasema ndizi tatu, debe tatu, robo tatu. Neno la kwanza linataja kitu, la pili linataja idadi. Robo ni kitu, tatu ni hesabu yake. Asili, basi, ni jina la kipande, na kiasi ni idadi ya vipande vya jina hilo. Mtu wa Tukuyu ukimuuliza ni ipi kubwa, mikungu miwili au vidole vitatu vya ndizi, atadhani unamtania. Hawezi kusema vidole vitatu vimezidi kwa sababu tatu ni zaidi ya mbili. Anauliza kwanza: mbili za nini? Tatu za nini? Lakini mtu huyo huyo akiletewa 2/3 na 3/5, haulizi.

Sababu mojawapo ni jinsi tunavyozisoma darasani. Tunasoma "mbili ya tatu", "tatu ya tano", jina linapotea, zinabaki tarakimu zimepandana. Bungeni hawafanyi hivyo. Habari ya kubadili Katiba husema theluthi mbili ya wabunge. Sijapata kumsikia mtangazaji akisema "mbili ya tatu ya wabunge". Kiswahili kina majina ya vipande hivi hadi kumi: nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Humusi ni moja ya tano, sudusi moja ya sita, na kuendelea. Sisemi tuyarudishe yote kwenye mtihani. Ila nilipokuwa nafundisha, wiki ya kwanza niliwaachia watoto waseme "humusi tatu" na "theluthi mbili" hadi ulimi uzoee kwamba kuna kitu kinahesabiwa. Walicheka sana kwenye tusui. Wakacheka, lakini wakauliza: humusi ina ukubwa gani?

Hilo ndilo swali. Chapati moja mkigawana watatu, kila mmoja anapata theluthi. Mgeni akibisha hodi mkawa wanne, kila mmoja anapata robo. Akija wa tano, humusi. Wageni wanavyoongezeka, kipande kinapungua, na mtoto aliyekulia nyumba yenye watu wengi analijua hilo kabla hajajua kuandika jina lake. Kwa hiyo asili ikikua, kipande kinakuwa kidogo. 1/3 ni kubwa kuliko 1/4, ingawa 3 ni ndogo kuliko 4.

Kuvunja noti hakukutajirishi

Sasa tuje kwenye sehemu zilizo sawa, yaani maandishi tofauti ya kiasi kile kile. Una noti ya shilingi 10,000. Ukienda dukani kuivunja, unaweza kurudi na noti 2 za 5,000, au 5 za 2,000, au 10 za 1,000. Mfuko umevimba, utajiri haujaongezeka hata senti. Noti moja kati ya mbili za elfu tano ni nusu ya ile ya kwanza: 1/2. Noti 5 kati ya kumi za elfu moja ni nusu ile ile: 5/10. Vipande vimekuwa vingi mara 5, na kila kipande kimekuwa kidogo mara 5. Kimoja kinafuta kingine.

Ndiyo maana tunazidisha juu na chini kwa namba moja. 1/2 ukizidisha juu kwa 5 unapata vipande mara 5. Ukizidisha chini kwa 5, kila kipande kinakatwa mara 5. Tumevunja noti. Kugawanya juu na chini ni kurudisha chenji iwe noti kubwa: 6/8 ukigawanya kwa 2 unapata 3/4. Kazi hiyo ndiyo tunaita kurahisisha, na wazazi wengi hudhani kurahisisha ni kupunguza. Kinachopungua ni idadi ya noti tu.

Rungwe nilikuwa na mwanafunzi mmoja ambaye baba yake alikuwa na genge. Kwenye daftari aliandika 2/4 ni kubwa kuliko 1/2. Nilimwita mezani nikamuuliza: kwenye mizani ya nyumbani, upande mmoja nikiweka jiwe la nusu kilo, upande wa pili mawe mawili ya robo, mizani itaelekea wapi? Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Itasimama, mwalimu." Kwa nini? "Robo mbili ni nusu." Nikampa daftari lake, nikamwomba asome kwa sauti alichoandika. Alisoma, "Mbili ya nne ni kubwa kuliko moja ya..." akanyamaza, akachukua kifutio. Kichwani alikuwa na hesabu mbili, ya dukani na ya shuleni, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ni moja.

Kuna msemo wetu walimu ambao nadhani umeleta madhara: "Ulichofanya juu, fanya na chini." Unakaririka vizuri, tatizo ni kwamba hausemi ufanye nini. Mtoto mwerevu anaona 1/2, anajumlisha 1 juu, anajumlisha 1 chini, anapata 2/3, anasema zimelingana. Ametii msemo kikamilifu. Lakini nusu kilo ya sukari na theluthi mbili ya kilo siyo kitu kimoja, na muuzaji asingekubali. Ukijumlisha, umeongeza kipande kimoja mkononi na umebadilisha ukubwa wa vipande vyote kwa mpigo mwingine kabisa. Hakuna kinachofuta kingine. Ni kuzidisha au kugawanya pekee, tena kwa namba ile ile, na isiwe sifuri. Ningeweza, ningeufuta msemo huo kwenye mbao zote za Nyanda za Juu Kusini.

Na ugomvi mwingine wa kundini, huu wa mwezi uliopita: mtoto kaandika 4/6, jibu la mwalimu ni 2/3, kapewa kosa. Hapo mimi niko upande wa mtoto, kwa masharti. Kama swali lilisema "andika kwa sehemu rahisi kabisa", hajamaliza kazi. Kama halikusema, 4/6 na 2/3 ni fedha ile ile, na kumnyima alama ni kukataa noti mbili za elfu tano kwa sababu ulitaka ya elfu kumi.

Lumbesa

Kabla ya kulinganisha chochote kuna sharti moja ambalo vitabu hulitaja kwa haraka na watoto hulisahau: kizima kiwe kile kile.

Nina kosa langu la kuungama hapa. Mwaka wangu wa pili kazini nilichora ubaoni chapati mbili, moja nikaigawa mara tatu, nyingine mara nne, ili kuwaonyesha kwamba theluthi ni kubwa kuliko robo. Chaki ilikuwa fupi, mkono una haraka, chapati ya robo ikatoka kubwa kuliko ya theluthi. Binti wa mstari wa mbele akasema robo ndiyo kubwa. Nikamwambia atazame vizuri. Akatazama vizuri, akasema robo ndiyo kubwa. Alikuwa sahihi. Picha yangu ndiyo iliyokuwa ya uongo, na mimi nilimfanya aone aibu kwa kuamini macho yake.

Wakulima wa viazi hawahitaji chapati kulielewa hili. Ukipita Isyonje kwenye barabara ya Tukuyu, au ukienda Njombe msimu wa mavuno, utayaona magunia yamejazwa hadi kupitiliza, yakashonewa juu mithili ya kilemba. Ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza na Wakala wa Vipimo wamepiga nayo kelele miaka mingi, kwa sababu mkulima anauza "gunia moja" ambalo si gunia moja. Nusu ya lumbesa inaweza kukaribia robo tatu ya gunia la kawaida. Nani amekosea hesabu? Hakuna. Kizima kimebadilika bila jina kubadilika, na pesa ya mtu imepotelea katikati.

Ndivyo ilivyo hata kwenye shamba. Huku kwetu wengi hupima eka kwa hatua 70 kwa 70. Robo eka ya mtu mrefu na robo eka ya mtu mfupi hazilingani, ingawa zote zimeandikwa 1/4. Kwa hiyo mtoto akiulizwa 2/3 na 3/5, kimya kimya swali linasema: za kitu kimoja, chenye ukubwa mmoja. Mwambie aseme kwa sauti.

Gunia, debe na sado

Kulinganisha kuna hali nyepesi mbili ambazo hazihitaji maneno mengi. Asili zikiwa sawa, tazama kiasi: 5/8 imezidi 3/8, kama robo tatu zilivyozidi robo mbili. Viasi vikiwa sawa, tazama ukubwa wa kipande: 3/4 imezidi 3/5, kwa sababu vyote ni vitatu lakini robo ni kubwa kuliko humusi.

Hali ya tatu naipenda kuliko zote, na sioni ikifundishwa vya kutosha. Ukisafiri kwa basi kutoka Mbeya kwenda Iringa, Makambako iko karibu na katikati ya safari. Aliyepiga simu akiwa Chimala hajafika nusu. Aliyepiga akiwa Mafinga ameshaipita. Huna haja ya kilomita kujua nani yuko mbele. Fanya hivyo hivyo kwa 3/7 na 5/8. Nusu ya 7 ni tatu na nusu, kwa hiyo 3/7 iko Chimala. Nusu ya 8 ni 4, kwa hiyo 5/8 imeshapita Makambako. 5/8 ndiyo kubwa, na kalamu haijagusa karatasi.

Zikiwa zote zimekaribia mwisho wa safari, tazama kilichobaki. Hapa kuna mtego. 3/4 na 5/6: watoto wengi husema ni sawa, "kwa sababu zote zimebakiza moja". Moja ya nini? 3/4 imebakiza robo, 5/6 imebakiza sudusi. Sudusi ni ndogo kuliko robo, kwa hiyo 5/6 imebakiza kidogo zaidi, yaani imefika mbali zaidi.

Sasa turudi kwenye ugomvi wetu. 2/3 na 3/5 zote zimepita nusu, asili tofauti, viasi tofauti. Twende sokoni.

Gunia la mahindi huhesabiwa debe 6. Debe ni lita 20. Sado, lile kopo la rangi lililogeuka kipimo cha nchi nzima, ni lita 4, kwa hiyo sado 5 zinajaza debe. Tupime kwa mfuto, yaani ukipitisha kijiti juu, hakuna kilele. Gunia moja basi ni sado 30.

Theluthi mbili ya gunia ni ngapi? Gunia ukiligawa mara tatu, kila fungu ni debe 2. Mafungu mawili ni debe 4, yaani sado 20. Humusi tatu je? Debe 6 hazigawanyiki kwa tano bila kubaki, hapo ndipo mtoto anapokwama, na hapo ndipo sado inapookoa. Sado 30 ukizigawa kwa watu watano, kila mmoja anapata 6. Watatu wanapata 18.

Sado 20 na sado 18. Theluthi mbili imezidi, kwa sado 2. Mahindi ya watu kula siku kadhaa.

Tazama tulichofanya. Tulikuwa na vipande vya aina mbili, theluthi na humusi, visivyoweza kuhesabiwa pamoja, kama mikungu na vidole. Tukatafuta kipande kimoja kidogo kinachoingia kamili katika vyote viwili, tukavunja vyote viwe hicho. 2/3 ikawa 20/30. 3/5 ikawa 18/30. Jina la kipande likawa moja, ikabaki kuhesabu. Hiyo ndiyo kazi yote ya asili inayofanana, na hiyo ndiyo sababu ya kufundisha sehemu zilizo sawa kabla ya kulinganisha: ya kwanza ni panga, ya pili ni kuni.

Kitabu kingetumia 15 badala ya 30, kwa kuwa 15 ndiyo namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa 3 na kwa 5. Huitwa kigawe kidogo cha shirika, KDS, kifupi kinachotisha watoto bila sababu. Kwa 15 unapata 10/15 na 9/15. Jibu ni lile lile. Namba ndogo inapunguza kazi tu. Namba yoyote inayogawanyika kwa asili zote mbili inafaa.

Njia hii siyo ya darasani peke yake. Katika mirathi ya Kiislamu, mume akifariki akaacha mke, mama na watoto wa kiume na wa kike, mke hupata thumuni na mama hupata sudusi. Thumuni na sudusi huzijumlishi zikiwa hivyo, kwa hiyo wagawaji hutafuta namba inayokubali zote mbili, na 24 inakubali: thumuni inakuwa 3 kati ya 24, sudusi inakuwa 4 kati ya 24. Kwenye shamba la eka 24, mke eka 3, mama eka 4, zinabaki 17 za watoto. Masheikh walifanya KDS karne nyingi kabla ya daftari la mwanao.

Na ile njia ya mkato ya kuzidisha kimshazari, kama herufi X? Kiasi cha kwanza mara asili ya pili: 2 mara 5, 10. Kiasi cha pili mara asili ya kwanza: 3 mara 3, 9. Kumi imezidi, 2/3 imeshinda. Inafanya kazi kila mara, na sababu yake umeshaiona: 10 na 9 ni vile viasi vya 10/15 na 9/15, asili yake imefichwa tu kwa kuwa inafanana. Siikatai. Ila mtoto aliyepewa mkato huu bila gunia huanza kuutumia hata kwenye kujumlisha, na hapo hakuna sado itakayomwokoa.

Mistari ya daftari

Wazazi wameniuliza wafanye nini nyumbani bila kununua kitu. Chana ukurasa wa daftari lenye mistari. Kata kanda nne ndefu, kila moja iwe na nafasi 12 za mistari, zilingane kabisa. Kumi na mbili ni namba karimu, inakubali nusu, theluthi, robo na sudusi. Kwenye ukanda wa kwanza mtoto apake rangi nusu: nafasi 6. Wa pili, theluthi mbili: nafasi 8. Wa tatu, robo tatu: nafasi 9. Wa nne, sudusi tano: nafasi 10. Zipangwe bega kwa bega na mtoto azisome mwenyewe, 6/12, 8/12, 9/12, 10/12. Mwache aone kwamba 8/12 na 2/3 ni rangi ile ile ya ukanda ule ule.

Akitaka humusi, kata kanda za nafasi 15. Usimwambie kwa nini. Mwache akwame kwanza na zile za 12, aje mwenyewe kuomba nyingine.

Jambo moja tu naomba msilifanye: msikimbilie kikokotoo. Ni kweli 2 gawanya kwa 3 inatoa 0.666 na kuendelea, na 3 gawanya kwa 5 inatoa 0.6, jibu limepatikana. Lakini mtoto wa darasa la nne anayesoma desimali kama anavyosoma sehemu atakuambia 0.666 ni kubwa kwa sababu ina tarakimu nyingi. Atakuwa amepata jibu sahihi kwa sababu mbaya, na hilo hunitisha kuliko kosa.

Baada ya kuyasema haya kwa ufupi kundini, baba yule alinyamaza siku mbili. Ijumaa akarudi. "Mwalimu, 4/7 na 5/9. Makambako yako haisaidii, zote zimeipita."

Nikamjibu kwamba inasaidia, aulize zimeipita kwa umbali gani. Nusu ya 7 ni tatu na nusu, kwa hiyo 4/7 imeipita kwa nusu ya subui, ambayo ni 1/14. Nusu ya 9 ni nne na nusu, 5/9 imeipita kwa nusu ya tusui, 1/18. Ipi imekwenda mbali zaidi?

Zilipita dakika kumi. Akarusha picha: nyuma ya risiti ya mbolea alikuwa amezidisha kimshazari kuhakikisha, 36 upande mmoja, 35 upande wa pili. "Nne ya saba kubwa. Ila zimepishana moja tu!"

Mama yule aliyetaka tukalale akaandika chini yake: "Moja ya nini?"

Tukaona anaandika, anafuta, anaandika.

"Ya 63."